Jinsi ya kubadilisha faili ya mfumo bila kujifungia nje

KOSA la herufi moja katika faili ya mipangilio laweza kumfungia nje msimamizi wa tarakilishi anayoitunza mwenyewe.

Katika mitambo ya Unix na Linux mna faili iitwayo sudoers, inayoorodhesha walioruhusiwa kutoa amri kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Programu ya sudo huisoma kila inapoitwa. Kwa miaka mingi, ilipokuta mstari uliokiuka sarufi yake, iligoma kumhudumia yeyote, hata yule aliyetaka kulirekebisha kosa lenyewe. Tangu toleo la 1.9.3 huuruka mstari mbovu na kuendelea. Lakini iwapo mstari huo ndio uliompa msimamizi idhini, amefungiwa nje vilevile.

Hatari ya pili haionekani kwa urahisi. Programu nyingi za kuandikia, zinapohifadhi kazi, kwanza huifuta faili yote kisha huijaza upya. Katika muda huo mfupi, anayeisoma huikuta tupu au nusu. Stima ikipotea wakati huo, huenda nusu hiyo ndiyo itakayobaki diskini.

Ndiposa wajuzi hawaigusi faili inayotumika. Huandika nakala kando yake, huikagua, huhakikisha imefika diskini, kisha huipa jina la faili ya zamani. Kanuni za POSIX zinataka ubadilishaji huo wa jina ufanyike kwa pigo moja: msomaji hukuta ama faili ya kale ama mpya, kamwe si mchanganyiko. Programu iliyokwisha kuifungua ya kale huendelea kuisoma hadi mwisho. Sharti nakala iwe katika sehemu ile ile ya diski, la sivyo amri ya mv hunakili kisha hufuta, na hatari hurudi. Aidha, iwe na mmiliki na idhini zile zile za faili ya awali, jambo ambalo husahauliwa mno.

Kwa sudoers, kazi hii hufanywa na programu ya visudo. Huifunga faili ili wasimamizi wawili wasiihariri kwa pamoja, kisha huikagua nakala. Ikiona kosa, humwuliza mhusika: herufi e humrejesha kuhariri, x huiacha faili ilivyokuwa, na Q kubwa huhifadhi kosa hivyo hivyo. Hiyo ya mwisho ni heri isiguswe.

Programu nyingine husoma mipangilio zinapowashwa tu. Seva ya nginx, mathalani, haitambui mabadiliko hadi iamriwe kusoma upya; amri ya nginx -t huikagua faili kabla ya hapo. Na wakati wote wa kazi, dirisha la pili lenye mamlaka ya mkuu lisifungwe hadi sudo ijaribiwe katika dirisha jipya.