Macho Mazima, Nusu ya Dunia Haionekani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kiharusi kinavyoua sehemu ya ubongo. Leo tuangalie dhara moja ambalo hupita kimyakimya: mgonjwa kupoteza nusu ya uwanja wake wa kuona ilhali macho yenyewe hayana kasoro.

Mgonjwa huyu hugonga bega mlangoni na kuacha chakula upande mmoja wa sahani. Akifika kliniki, husema, "Jicho la kushoto halioni." Akipelekwa kwenye ubao wa herufi, huenda akasoma hadi mstari wa chini kabisa, akarudishwa nyumbani.

Kumbe alipaswa kufunikwa jicho moja, kisha la pili. Neva za macho hukutana chini ya ubongo, na takriban nusu ya nyuzi zake huvuka upande wa pili. Kwa hiyo vilivyo kushoto kwetu huchambuliwa kisogoni upande wa kulia. Jicho likiugua, kasoro hubaki kwenye jicho hilo; kisogo cha kulia kikiumia, macho yote mawili hukosa upande wa kushoto. Yakikosa pande za nje, kila moja upande wake, hushukiwa uvimbe wa tezi ya pituitari unaobana makutano ya neva.

Ramani ya kisogoni ilichorwa mapema na Tatsuji Inouye, daktari wa macho Mjapani. Aliwapima askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Japani na Urusi vya 1904–1905, akalinganisha njia ya risasi na sehemu wasizoona. Matokeo aliyachapisha mwaka 1909.

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Daktari huketi mkabala na mgonjwa, kama mita moja. Mgonjwa hufunika jicho moja na kulikazia la daktari lililo mbele yake, huku akiulizwa idadi ya vidole vinavyoinuliwa katika pembe nne. Kisha vidole huonyeshwa pande zote mbili kwa pamoja. Anayeona kila upande peke yake, lakini hapo akakosa mmoja, huenda anaona ila ubongo unaupuuza upande huo. Mashine ya nukta za mwanga na picha za CT au MRI huthibitisha.

Upande ukitoweka ghafla, kimbilia hospitali saa hiyohiyo, na usiendeshe gari. Wiki ijayo: mazoezi ya kusoma na kutembea.