Mwani Katika Tangi la Samaki: Dawa Yake ni Kiasi

Askari arudipo nyumbani kutoka zamu ya usiku hupata faraja akiwatazama samaki wakiogelea polepole kati ya mimea mibichi, ndani ya tangi la kioo. Lakini faraja hiyo hugeuka majonzi pale majani yaanzapo kufunikwa na utando wa kijani unaoteleza, au nyuzi ndefu mfano wa nywele. Huo ndio mwani. Ukiachwa, huunyima mmea mwanga hata jani likaoza na maji yakachafuka.

Wengi wafikwapo na jambo hilo hukimbilia dawa ya kuua mwani. Hapo ndipo penye hatari. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, nayo huwaua konokono na kamba, na ikizidi huwaua hata samaki. Isitoshe, mwani ufapo wote kwa mara moja huoza, na kuoza huko hula oksijeni iliyomo majini. Kulipopambazuka, watoto huwakuta samaki wao wakihema juu ya maji, au wamekwisha kufa.

Yafaa ifahamike kwamba mwani ni dalili tu. Unaoulisha ni mwanga uliozidi, pamoja na naitrojeni na fosforasi zitokanazo na kinyesi cha samaki, makombo na majani yaliyooza. Ziwa Victoria ni shahidi wa jambo hilo: tangu miaka ya 1960 mwani wake umeongezeka mno, kwa sababu ya virutubisho viingiavyo kutoka mashambani na mijini. Litokealo ziwani hutokea pia sebuleni.

Basi tiba ni kupunguza. Kwanza, tangi lisiwekwe dirishani penye jua. Na kama lina taa, iwashwe kwa muda wa saa 8 hivi kwa siku, wala isizidi. Pili, samaki wapewe chakula wanachoweza kukimaliza kwa dakika 2 au 3. Tatu, kila juma robo ya maji ibadilishwe. Maji ya bomba yakae kwanza siku nzima katika ndoo iliyo wazi, ili klorini ipungue.

Kuhusu mimea yenyewe, jani kuukuu lililofunikwa kabisa likatwe kwa mkasi karibu na shina. Lenye utando mwepesi lipanguswe taratibu kwa vidole. Anubiasi, mmea wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, hukua polepole, na kwa hiyo majani yake hushikwa upesi. Yafaa uwekwe kivulini. Kando yake ipandwe mimea ikuayo haraka, ambayo itaunyang'anya mwani chakula chake.

Akina mama na akina baba wasiruhusu watoto kuokota konokono ziwani ili waje kula mwani. Baadhi ya konokono wa Ziwa Victoria hubeba vijidudu vya kichocho, ambavyo hutoka majini na kupenya ngozi ya mtu. Mkono utiwao ndani ya tangi hauna kinga.

Mwenye tangi asikate tamaa akiona majani ya zamani yangali na madoa. Ayatazame machipukizi: yakitoka safi, ajue kwamba kiasi kimepatikana.