Tujitengenezee Meza ya Santuri Isiyotikisika



Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na santuri zake zikaenea pwani. Santuri kuukuu zikikwaruzwa leo si rahisi kupata nyingine. Ndugu zetu wa Mucojo na pwani ya Cabo Delgado wamepatwa na vita vilivyoanza Oktoba 2017, na kimbunga Kenneth cha Aprili 2019. Aliyenusurika na santuri chache ana haki ya kuzitunza.

Adui wa santuri ni mtikisiko. Mfereji wa santuri kubwa ya mwendo wa 33 haufiki upana wa sehemu ya kumi ya milimita. Watu wakicheza ngoma, jenereta ikinguruma, au spika ikikaa meza moja na mashine, mtetemo hupanda mpaka kwenye sindano. Sindano huruka na kukwaruza. Wengine huweka sarafu juu ya kichwa cha sindano. Hiyo si dawa, maana uzito ule huila santuri.

Kanuni yake tunaijua kazini. Lori tupu hurukaruka barabarani, lakini likijazwa nazi hutulia, kwa sababu kitu kizito juu ya springi laini hakifuati kila mshituko. Basi tutafute uzito na ulaini.

Vifaa: mbao, misumari, mchanga mkavu, na tyubu ya gurudumu la toroli.

1. Tengeneza meza fupi ya miguu mitatu. Miguu mitatu haichezi hata sakafu ikiwa ya udongo na si sawa. Iweke pembeni, mbali na wachezaji.

2. Laza tyubu juu ya meza, uijaze upepo kidogo tu. Ikijaa sana huwa ngumu, na kazi yote imepotea.

3. Tengeneza sanduku lisilo na kifuniko, sentimita 40 kwa 40, kina sentimita 6. Lijaze mchanga, uzito wake utakuwa kama kilo 15. Mchanga wa ufukweni uoshwe kwanza kwa maji baridi na kukaushwa, kwani chumvi huvuta unyevu na kula misumari. Liweke sanduku juu ya tyubu. Lisiguse meza mahali popote.

4. Laza ubao juu ya mchanga, usiguse kuta za sanduku. Mashine ya santuri hukaa juu ya ubao huo. Chembe za mchanga zikisuguana humeza mtetemo uliobaki.

5. Pima usawa kwa pimamaji, au kwa chupa bapa yenye maji iliyolazwa. Palipoinama, sogeza mchanga.

Spika ziwekwe mahali pengine kabisa.

Sasa jaribu. Zima mota, teremsha sindano juu ya santuri iliyosimama, fungua sauti kidogo, kisha gonga meza kwa kidole. Ukisikia kishindo kikubwa, punguza upepo au tazama kama sanduku limegusa meza. Kishindo kikififia, kazi imefaulu.

Kila tawi lenye klabu na mashine ya santuri linaweza kumaliza kazi hii kwa siku moja ya mapumziko. Mbao za masanduku ya zamani zinatosha. Tushirikiane, tuzitunze sauti za wazee wetu, watoto nao wazisikie.