Kiingereza cha kujiamini hakihitaji kuzika lafudhi ya nyumbani

Majuma machache yaliyopita, mwanafunzi mmoja alibisha hodi ofisini kwangu hapa Embu akiwa na karatasi yake ya semina mkononi. Ni mzaliwa wa Kithimu, eneo la Manyatta, na karatasi hiyo aliyoiandika kwa Kiingereza kuhusu mapato ya wakulima wa majani chai ilikuwa miongoni mwa zile bora zaidi darasani. Alitaka ruhusa ya kuikabidhi bila kuiwasilisha mbele ya wenzake.

"Prof, nikifungua mdomo tu watacheka," akaniambia. "Mimi nashrabu sana."

Nilimwelewa. Nilipokuwa shule ya msingi, aliyenaswa akizungumza lugha ya mama alivishwa kipande cha mbao tulichokiita monto, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Jioni mlolongo mzima ulichapwa. Viboko nimevisahau, ila kuna funzo moja baya lililonikaa: anayenyamaza hakosei lugha yoyote. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia adhabu ya namna hiyo katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986. Siku hizi monto haisikiki sana, lakini kicheko kimeshika kazi yake, na matokeo ni yale yale: watu wenye mengi ya kusema wanakaa kimya darasani, kwenye mahojiano ya kazi na hata katika mikutano ya hadhara.

Basi, mtu afanyeje ili azungumze Kiingereza kwa wepesi na kwa kujiamini? Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Lafudhi ni namna ya kutamka inayoonyesha atokako msemaji. Mtu wa Glasgow anayo, wa Texas anayo, wa Lagos anayo. Kosa la matamshi ni lile linalomfanya msikilizaji asikie neno jingine au asielewe kabisa. Lafudhi haihitaji dawa, ila kosa linahitaji mazoezi.

Mwanaisimu wa Uingereza, Jennifer Jenkins, aliichunguza tofauti hii katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu fonolojia ya Kiingereza kama lugha ya kimataifa. Alitazama mazungumzo ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, akatafuta ni matamshi yapi hasa yanayovunja mawasiliano. Sauti zinazoandikwa "th", ambazo walimu huzihangaikia mno, hazikuwa tatizo kubwa. Mambo yaliyokuwa na uzito zaidi ni kama vile urefu wa irabu, konsonanti zinazofuatana mwanzoni mwa neno, na mahali mkazo unapoangukia katika sentensi.

Tuwapime wasemaji wa Kiembu na Kimeru kwa kipimo hicho. Lugha hizi hazitenganishi /l/ na /r/, hivyo "light" hugeuka "right" na "glass" ikawa "grass". Hilo linafaa kurekebishwa. Lakini msikilize mtu huyo huyo akizungumza Kiswahili: kalamu huwa karamu, mahali huwa mahari, na kula huwa kura. Kumbe tatizo ni moja katika lugha zote mbili, na zoezi pia ni moja. Kwa /l/, ncha ya ulimi hugusa ufizi na kutulia huku hewa ikipita kandokando. Kwa /r/ ya Kiswahili, ncha hugonga na kuachia. Kwa ile ya Kiingereza, aghalabu hata haigusi. Aliyekwisha kuitenga kalamu na karamu amefika nusu ya safari.

Kadhalika, /b/, /d/ na /g/ za Kiembu kwa kawaida huandamana na sauti ya puani: mb, nd, ng. Ndiyo maana "baby" husikika kama "mbembi". Ukitaka kujipima, ziba pua kwa vidole kisha utamke neno hilo. Sauti ikikwama mwanzoni, ujue pua imeingilia.

Hata hivyo, lugha ya mama haileti vikwazo pekee. Kiembu kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Irabu inayoandikwa ĩ iko karibu zaidi na ile ya "sit", nayo i iko karibu na ile ya "seat". Na yeyote anayetamka Kithimu kama wenyeji wanavyotamka tayari anayo ile sauti ya mwanzo ya "this". Mwanafunzi wangu alikuwa akiitamka kila siku anapotaja kwao, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Jambo la pili ni mkazo. Katika Kiswahili, mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila irabu hutamkwa kikamilifu. Katika Kiingereza mkazo huhama: "photograph" huuweka kwenye silabi ya kwanza, "photographer" kwenye ya pili, na irabu zisizo na mkazo hufifia. Aidha, kuna mkazo wa sentensi. Chukua "I paid the fees yesterday". Sauti ikilemea "I", unasema mimi ndimi niliyelipa. Ikilemea "yesterday", unasema jana ndipo nilipolipa. Kazi tunayoifanya sisi kwa ndimi, ndiye na ndipo, Mwingereza huifanya kwa uzito wa sauti. Tukizungumza bila kulemea popote, maneno yatakuwa sahihi lakini msikilizaji atabaki akikisia tulichokusudia.

Tatu, na hili ndilo gumu: lazima mtu aseme. Mnamo 1985, Merrill Swain aliandika kuhusu watoto wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Baada ya miaka mingi ya kukisikia walikielewa vizuri sana, lakini katika kusema na kuandika walibaki nyuma ya wenzao wazawa wa lugha hiyo. Walikuwa wamepata nafasi chache mno za kuitumia lugha wenyewe. Ndiyo hali ya wengi wetu. Tumesoma riwaya za Kiingereza tangu kidato cha kwanza, lakini ni mara ngapi tumezungumza kwa dakika tano mfululizo?

Nilimpa mwanafunzi wangu mazoezi matatu. Mosi, arekodi dakika moja ya taarifa ya habari ya redio kwenye simu, kisha aseme pamoja na msomaji mara tano, akifuata mkazo na mapumziko yake, wala asihangaike kuiga lafudhi. Pili, atafute mwenzake mmoja wazungumze kila jioni kwa sharti moja: hakuna kucheka, na marekebisho yasubiri hadi msemaji amalize. Tatu, asikimbie. Wengi hudhani ufasaha ni kasi, kumbe anayetua mwishoni mwa kila wazo hueleweka zaidi na hupata muda wa kupumua.

Nasi walimu tuna sehemu yetu. Anayemkatiza mwanafunzi katikati ya sentensi ili kusahihisha sauti moja humfundisha kunyamaza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinazitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na vilevile kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili. Darasa linaloicheka lafudhi ya Kiembu linaudharau wajibu huo, na bado halimfundishi mtu Kiingereza.

Mwanafunzi yule aliwasilisha wiki mbili baadaye. Katika aya ya pili "tea leaf" ikatoka "tea reef", na mtu akacheka nyuma. Alitua, akalirudia neno taratibu, akaendelea. Wakati wa maswali, wa kwanza kuuliza alitaka kujua hesabu za bonasi alizipataje. Alijibu kwa muda wa dakika nne. Ile "reef" bado humponyoka mara mojamoja, lakini katika semina ijayo ameomba awe wa kwanza kuzungumza.