Kiatu Kinachoshuhudia Mwendo wa Mgonjwa

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini aliletwa kliniki na binti yake. Nilimwomba atembee hadi mlangoni na kurudi. Alijifunga kanga vizuri, akanyoosha mgongo, akatembea bila kuyumba. Binti akaniambia kwa sauti ya chini, "Daktari, nyumbani mama hatembei hivi. Hapa anajikaza kwa kuwa unamtazama." Nami nikaandika katika jalada kwamba mwendo wake unaridhisha. Wiki tatu baadaye alirudishwa akiwa amevunjika mfupa wa paja karibu na nyonga. Alikuwa ameanguka usiku akielekea msalani.

Binti yule alikuwa amenipa taarifa muhimu kuliko kipimo changu. Chumba cha daktari huonyesha anachoweza kukifanya mgonjwa akijikaza. Maisha ya kila siku huonyesha anachokifanya kweli, akiwa amechoka, amebeba ndoo au anapita gizani. Hata kuganda kwa miguu kunakowasumbua wenye ugonjwa wa Parkinson mara nyingi hakujitokezi mbele ya daktari. Vihisi vya viatu vimebuniwa ili kuziba pengo hilo.

Vihisi hufanyaje kazi?

Kihisi ni kifaa kidogo kinachofungwa juu ya kiatu au kufichwa ndani ya soli. Ndani yake mna akselerometa, inayopima mchapuko wa mguu, na jairoskopu, inayopima jinsi mguu unavyogeuka. Aina nyingine hupima mgandamizo chini ya unyayo, jambo lenye manufaa kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni na asiyejua kwamba sehemu fulani inaumia.

Katika kila hatua, unyayo hutulia chini kwa muda mfupi. Programu hutumia utulivu huo, ambapo kasi ni sifuri, kusahihisha makosa yaliyojilimbikiza. Hivyo hupatikana kasi ya mwendo, urefu wa hatua na tofauti kati ya hatua moja na nyingine. Mzee ambaye muda wa hatua zake hubadilika-badilika huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka, hata kama kasi yake ya wastani haitii shaka.

Vipimo vya namna hii vimeanza kuaminiwa. Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilikubali kasi ya hatua, inayopimwa kwa kihisi cha kifundoni katika maisha ya kila siku, itumike kama kigezo cha ziada katika majaribio ya dawa za ugonjwa wa misuli wa Duchenne. Mwaka 2023 likaikubali kuwa kigezo kikuu.

Tufanye nini leo?

Vifaa hivi bado ni ghali, na wengi wetu nyumbani huvaa kandambili au hutembea pekupeku. Tena, kihisi hurekodi maisha ya mtu. Mgonjwa hana budi kuelezwa na kuridhia kabla ya kuvishwa.

Lakini funzo lake halihitaji fedha. Mhudumu wa afya, pima mita nne sakafuni, kisha mwombe mzee azitembee kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde tano au zaidi, yaani mita 0.8 kwa sekunde au chini ya hapo, mchunguze zaidi. Muulize pia iwapo ameanguka katika miezi 12 iliyopita. Nawe mgonjwa, njoo na viatu unavyovaa kila siku, wala usione haya kutembea mbele yetu kama unavyotembea nyumbani.

Siku hizi, kabla sijaandika neno lolote kuhusu mwendo wa mgonjwa, humgeukia aliyemsindikiza na kumuuliza, "Nyumbani anatembeaje?"