Asikari wa El Adde

Wakatekista wetu wanatuuliza mara kwa mara: ile vita ya Somalia ni vita ya Waislamu juu ya Wakristo, ao ni jambo lingine? Kwa neno moja hatuwezi kujibu. Tutazame kwanza mambo ya El Adde.

El Adde ni mahali katika jimbo la Gedo, inchi ya Somalia, upande wa kuelekea mupaka wa Kenya. Sisi watu wa Lubumbashi tukisikia neno mupaka, tunafikiri Kasumbalesa: makamyo, duane, watu wenye kuuza na kununua. Kule si vile. Ni inchi kavu, mchanga na miti mifupi ya miiba, maji haba, na adui anaweza kupita mahali pote. Kenya ilivuka mupaka ule katika mwezi wa kumi 2011 ili kuwafukuza Al-Shabaab, na mwaka 2012 asikari wake wakaingia katika jeshi la Umoja wa Afrika.

Siku ya Ijumaa, tarehe 15 mwezi wa kwanza 2016, mbele ya jua kutoka, motokari yenye kujaa baruti ililipuka kwenye kampi yao. Nyuma yake wakaja wapiganaji wengi. Ndiyo desturi yao: mumoja anajiua ili afungue njia, wengine wanaingia wakati asikari wangali katika mshangao. Mwaka 2015 walikuwa wamewashambulia vivyo hivyo Warundi kule Leego na Waganda kule Janaale. Basi hila ile haikuwa mpya. Kwa maoni yetu, kilichokosekana ni musaada wa karibu, maana kompani moja ilikaa peke yake mbali na wenzao, na ushujaa hauwezi kujaza nafasi ya watu wasiokuwako.

Walikufa wangapi? Serikali ya Kenya haikutangaza hesabu. Televisheni CNN ilihesabu nyuma 141. Rais wa Somalia alisema karibu 200. Tunafahamu kwamba mukubwa wa jeshi hapendi kumfurahisha adui. Lakini mama wa asikari naye afanye nini, alie matanga ao angoje? Kwetu Kongo, Watanzania 15 walipouawa kule Semuliki, Beni, tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2017, hesabu ilitolewa, na inchi yao ikawalilia wazi.

Turudi kwa ulizo. Kule Garissa, mwezi wa ine 2015, watu 148 waliuawa, na Wakristo walichaguliwa kusudi. Hofu ya wakatekista si ya bure. Lakini tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule, Al-Shabaab walisimamisha basi lenye kwenda Mandera, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo vitambaa vya kufunika kichwa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa lisasi pale, akafa Nairobi katika mwezi ule ule wa El Adde.