MAJUMBA MAREFU MLANDIZI: BEI YA KUJENGA NA BEI YA KUKAA

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akisha kuipita Kibaha mjini, hufika Mlandizi baada ya mwendo wa kilomita kama 60. Wazee wanaijua Mlandizi kwa maji. Hapo ndipo mtambo wa Ruvu Juu ulipojengwa mwaka 1959, na tangu siku hizo maji ya mto Ruvu husafishwa hapo na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Vijana wa leo wanaijua kwa mambo mengine: viwanda, malori, na njia iendayo Kwala, ambako bandari kavu ilifunguliwa rasmi tarehe 31 Julai, 2025. Penye kazi watu hufuata, na watu wakisha fika hutaka pa kulala.

Ndiyo maana wako wenzetu wasemao kwamba wakati umefika Mlandizi nayo ijengewe majumba marefu, ya ghorofa kumi na zaidi, ili wafanyakazi wapate makao na mji upate sura. Hoja yao si ya kupuuzwa. Nyumba za chini, kila moja na kiwanja chake, hula ardhi upesi. Mihogo na mikorosho hung'olewa, mji hujinyoosha kando ya barabara kama kamba, na kila nyumba iliyo mbali hudai bomba lake la maji, nguzo zake za umeme, na barabara yake ambayo mvua ya masika huikata. Gharama hiyo haionekani katika bei ya tofali, lakini ipo, na mlipaji ni mwananchi yule yule. Basi sisi hatusemi ghorofa ni anasa. Twasema tu kwamba kabla mtu hajatuonyesha picha nzuri ya jumba refu, atuonyeshe kwanza hesabu yake, nayo iwe ni hesabu mbili: ya kulijenga, na ya kukaa ndani yake miaka thelathini.

Na tuanze na mfano ulio karibu. Pale Magomeni, Dar es Salaam, palikuwa na nyumba za kota za zamani. Familia 644 ziliondoka mwaka 2011 na 2012 ili nyumba hizo zivunjwe na mpya zijengwe. Miaka ikapita na kiwanja kikabaki kitupu, mpaka mwaka 2016 Rais Magufuli alipoamuru kazi ifanywe, ikakabidhiwa Wakala wa Majengo. Mwezi Machi mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayafungua majengo hayo ya ghorofa yenye nyumba 644. Ni kazi ya kuheshimiwa, na waliongoja miaka kumi wamestahili. Lakini tutazame hesabu. Mradi uligharimu shilingi bilioni 52 na ushei. Ukigawa kwa nyumba 644, hata kwa kukisia tu, maana fedha hizo zilijenga pia vitu vya wote, wapata kama milioni 80 kwa kila nyumba. Wakazi wale wa zamani waliwekewa bei ya zaidi ya milioni 48 kwa nyumba ya chumba kimoja cha kulala, na zaidi ya milioni 56 kwa vyumba viwili. Tofauti iliyobaki imebebwa na hazina ya taifa.

Sasa tumchukue mfanyakazi wa serikali wa kima cha chini, ambaye tangu Julai 2025 hulipwa shilingi 500,000 kwa mwezi. Wa kiwandani aweza kupata pungufu ya hapo. Akitoa theluthi moja ya mshahara wake kila mwezi, bila kukosa na bila riba hata senti moja, ile nyumba ya milioni 48 itamchukua miaka ishirini na minne. Nyumba ya milioni 80, yaani ile isiyobebwa na hazina, itamchukua miaka arobaini. Aliyeanza kulipa akiwa na umri wa miaka 25 atamaliza akiwa na 65, na kustaafu kwa lazima ni 60. Hiyo ndiyo hesabu tunayotaka iwekwe mezani kabla ya ile picha nzuri.

Mbona nyumba ya juu iwe ghali kuliko ya chini, nayo imetumia kiwanja kidogo? Sababu ni kwamba jengo lipandapo, kila kitu cha chini hulazimika kunenepa. Nguzo ya ghorofa ya kwanza hubeba zote zilizo juu yake; msingi hubeba zote pamoja. Nondo huongezeka, zege huongezeka, mashine ya kuinua vifaa hukodiwa kwa miezi mingi, na fundi atumia saa nzima kwa kazi ambayo chini ingechukua nusu yake. Tena kila ghorofa hutoa sehemu yake kwa ngazi, lifti, mabomba na korido, nafasi ambazo hakuna mtu atakayelala ndani yake. Mjini Kariakoo, ambako kiwanja ni mali kuliko jengo lenyewe, gharama hiyo hujilipa. Mlandizi kiwanja bado si mali ya namna hiyo. Kujenga ghorofa kumi na tano ili kuokoa ardhi ambayo si ghali ni kununua kwa bei kubwa kitu ulicho nacho tayari.

Mchoraji akiambiwa apunguze gharama, mara nyingi mkono wake huenda kwenye lifti. Jambo hili limekwisha jaribiwa duniani. Huko Marekani, katika mji wa St. Louis, yalijengwa katika miaka ya 1950 majumba 33 ya ghorofa kumi na moja kwa ajili ya makabwela, yaliyoitwa Pruitt-Igoe. Ili kuokoa fedha, lifti zikafanywa zisimame katika ghorofa ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi tu. Mkazi wa ghorofa nyingine ashuke au apande ngazi kwa miguu. Fedha za matengenezo zilitegemea kodi ya wakazi, na wakazi walipopungua, kodi ikapungua, lifti zikaharibika, taa za ngazini zikazimika. Mwaka 1972 serikali ikaanza kuyavunja, na kufika 1976 hakikusalia kitu. Hatusemi lifti peke yake ndiyo iliyoyaangusha, maana umaskini na ubaguzi wa rangi vilikuwa kazini pia. Lakini hata Singapore, ambayo wengi huisifu kwa nyumba za umma, na kwa haki, ilijenga majumba mengi ya zamani ambayo lifti zake ziliruka ghorofa. Kuanzia mwaka 2001 ikabidi itoe fedha nyingi kuyarekebisha ili lifti zisimame kila ghorofa, kwa sababu wakazi walikuwa wamezeeka. Singapore iliweza kulipa mara ya pili. Halmashauri zetu haziwezi.

Maji nayo yana hesabu yake, na hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Wadhani gharama ni umeme wa kuyapandisha. La hasha. Kuinua lita elfu moja hadi ghorofa ya kumi, kama mita thelathini hivi, hakuli hata robo ya uniti moja ya umeme. Gharama yenyewe ni pampu ya pili ya kungojea ile ya kwanza iharibike, tangi chini na tangi juu, jenereta ya siku umeme ukikatika, na mtu wa kuvitunza vyote hivyo ambaye lazima alipwe mwezi hata mwezi. Michenzani, Unguja, majumba marefu yaliyojengwa tangu mwanzo wa miaka ya 1970 kwa mipango iliyosaidiwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yaliwatoa watu wengi katika vibanda. Lakini wapo kina mama wa ghorofa za juu waliojua uzito wa ndoo ngazini pale maji yalipokataa kupanda. Na Mlandizi, kukaa karibu na mtambo wa Ruvu hakumpandishii mtu maji ghorofani.

Kuna uchaguzi mwingine usioandikwa katika kitabu cha gharama, nao ni upepo. Njia rahisi ya kupanga nyumba katika jumba refu ni kuweka korido katikati na milango pande zote mbili. Ngazi moja na lifti moja huhudumia nyumba maradufu. Mhasibu hufurahi. Ila kila nyumba hupata madirisha upande mmoja tu, hewa haipiti, na katika joto la Pwani mwezi wa Februari mkazi hununua feni, kisha hununua umeme wa feni, maisha yake yote. Korido ikiwekwa nje, kama baraza ndefu, zege huongezeka kidogo na nyumba kwa ngazi moja hupungua, lakini upepo huingia mbele na kutoka nyuma, na jirani humwona jirani. Hapo gharama ya mjenzi imepanda na ya mkazi imeshuka. Ni nani aliyekaa kikaoni kumsemea mkazi?

Vile vile watu wetu hupika kwa mkaa wakati gesi imekwisha, hutwanga, hufua na kuanika, hufiwa. Jiko lisilo na pa kutolea moshi, ukuta mwembamba upitishao kishindo cha kinu, ngazi ambayo jeneza halipindi kwenye kona yake, uwanja usio na pa kufungia turubai: hizi si dosari ndogo. Mchoraji aliyezisahau amechora nyumba ya watu wengine.

Wako watakaosema, basi jengeni refu kwa bei ndogo. Twawaomba wakumbuke tarehe 29 Machi, 2013, pale jengo la ghorofa kumi na sita lilipoanguka katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likaua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa kumi. Wakumbuke pia tarehe 16 Novemba, 2024, Kariakoo, jengo la ghorofa chache tu lilipowafukia watu na maduka yao. Jengo refu halina nafasi ya kubana saruji. Likibanwa chini, hulipiza juu.

Mlandizi basi ijenge nini? Maoni yetu ni majengo ya ghorofa tatu au nne, yapandwayo kwa ngazi, yenye baraza za nje, yakiwa karibu na barabara na huduma, na nyumba za chini kabisa zitengewe wazee, wajawazito na walemavu. Kimo hicho hakihitaji lifti. Msingi wake ni wa kawaida isipokuwa bondeni karibu na mto, ambako udongo lazima upimwe kwanza. Na mafundi wetu wanakiweza. Nondo zenyewe hazitoki mbali, maana Mlandizi ilifunguliwa kiwanda chake mwaka 2017. Watu wakae kwa msongamano wa kadiri, ardhi isitapanywe, na pembeni vipimwe viwanja vyenye maji na barabara kwa wale watakao kujenga wenyewe kidogo kidogo, kama ilivyofanyika Sinza na Kijitonyama katika miaka ya 1970. Iwapo siku moja ardhi iliyo karibu na Kwala itapanda bei hata ifanane na ya mjini, tutafurahi kuanza hesabu upya.

Na kama halmashauri au shirika litaamua hata hivyo kupandisha jumba refu, tuna ombi moja, nalo ni la fedha. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 yaruhusu kila mkazi kumiliki nyumba yake ndani ya jengo, na wote kwa pamoja kumiliki ngazi, paa na mashine. Vya pamoja vyahitaji mfuko wa pamoja. Tuchukue mfano wa kukisia: jengo lenye nyumba arobaini na lifti mbili, ambazo kuzibadilisha baada ya miaka ishirini kutagharimu milioni 200. Kila nyumba lazima iweke zaidi ya shilingi 20,800 kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, kwa lifti hizo tu, mbali na umeme, ulinzi, usafi na pampu. Fedha hiyo ikianza kukusanywa siku lifti itakapokwama, itakuwa haipo. Twataka kiasi hicho kiandikwe katika mkataba wa mnunuzi, katika ukurasa ule ule wenye bei ya nyumba, na kwa maandishi ya ukubwa ule ule.